Nozeli Kubwa na Mlima wa Hospitali

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Nimepitwa! Mlima wa hospitali, mchana kweupe, watu wanaona. Aliyenipita ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mimi humwita Indiketa, kwa sababu huwasha taa ya kukata kona hata anapoingia uani kwake mwenyewe. Kigari chake hakizidi kabati la nguo. Langu ni gari la watu wazima: injini kubwa, viti vya ngozi (vimepasuka kidogo). Na bado kikanipita. Kibaya zaidi, mama mkwe alikuwa amekaa mbele, pembeni yake. Akanipungia mkono. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hatofautishi sufuria na birika, lakini mimi alinitambua. Labda kwa mlio.

Jioni tulikunywa chai kwake. Akasema gari la mwanawe lina kifua. Langu, akasema, linapumua kama mtu aliyeshiba. Indiketa akainamia kikombe chake ili nisimwone anavyocheka. Nilimwona.

Alhamisi mama mkwe anapasuliwa jicho la kulia. Ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Muuguzi amemwonya kwamba mgonjwa atakayechelewa atarudishwa mwisho wa foleni, na foleni hiyo ni ya miezi. Indiketa akasema atampeleka yeye. Nikadakia kwamba nitampeleka mimi. Mke wangu akanitazama. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Mama mkwe akasema yeyote kati yetu, mradi afike mapema.

Basi ni mimi. Na mlima ule tutaupanda kama lifti.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Jibu limepatikana. Nozeli! Yaani vile vibomba vidogo vinavyorashia petroli ndani ya injini. Nozeli kubwa, petroli nyingi. Petroli nyingi, nguvu nyingi. Hata mtoto anaelewa. Nashangaa watengenezaji wa magari hawakuliona hili.

Fundi wangu alikuwa na seti nzima, zimetoka kwenye gari la mashindano lililogonga ukuta. Nikamwuliza kama liligonga kwa sababu ya mwendo. Akasema ndiyo. Nikazichukua papo hapo.

Fundi huyu namwita Subiri. Ndilo neno lake. Kabla hajakaza hata skrubu moja, akasema nisubiri, kuna jambo. Gari lina kompyuta. Kompyuta hiyo inazijua nozeli ndogo za zamani, na inajua izifungue kwa muda gani ili petroli ilingane na hewa. Ukiweka nozeli kubwa, kompyuta haina habari. Itazifungua kwa muda uleule, na petroli itakayomwagika itakuwa karibu mara mbili. Lazima aje mtaalamu aipange upya. Mtaalamu amesafiri, anarudi Ijumaa. Akasema gari libaki gereji, au nozeli zikae kwenye boksi hadi siku hiyo.

Nikamweleza kuwa shughuli yangu ni Alhamisi. Akasema nisubiri. Nikamwambia jicho la mzee halisubiri. Akakuna kichwa, akazifunga, lakini akanishika mkono kabla ya kunipa ufunguo: niende nyumbani tu, polepole, nisikanyage mafuta, nikifika nilizime na nisiliguse mpaka Ijumaa.

Nikamwitikia vizuri sana. Nilikwenda polepole. Sikukanyaga mafuta, isipokuwa mara moja. Gari liliguna, likaruka mbele, kisha likakohoa. Nguvu hizo! Bado hazijazoea mazingira.

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nililiwasha asubuhi. Likawaka kwa shida, likaanza kutetemeka. Kioo cha ndani kilicheza hadi nikajiona watu watatu. Moshi mweusi ukatoka nyuma, mwingi, ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Alikuwa ameanika sare nyeupe za wauguzi. Hazikuwa nyeupe tena.

Fundi cherehani alitoka na sindano mdomoni. Alizungumza hivyohivyo, bila kuitoa, na bado nilimwelewa kila neno. Nikamwambia nadhani kuna mtu anachoma matairi mtaa wa pili. Akauliza kama huyo mtu amepanda gari langu. Nikaondoka.

Njiani nilipata wazo zuri. Lori la taka! Nilijibanza nyuma yake hadi karibu na ofisini. Kila mtu aliyeona moshi alilitukana lori. Dereva wa lori alikuwa akitoa kichwa dirishani kutazama bomba lake, hoi kwa mshangao. Kero ni moja tu: lori la taka husimama kila nyumba. Nilichelewa kazini.

Kazini mambo yaliharibika. Mimi ni mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima. Natazama magari yaliyogongwa na kuamua nani anasema uongo. Wenzangu wananiheshimu kwa mambo ya magari. Saa ya chakula niliwaalika wawili washuke maegesho, yaliyo chini ya jengo, wasikilize injini. Nikaliwasha, nikakanyaga kidogo. Tukapotea wote watatu ndani ya moshi. King'ora cha moto kikalia. Jengo zima likateremka kwa ngazi: benki ya ghorofa ya kwanza, daktari wa meno na mgonjwa wake mwenye pamba mdomoni, mkuu wetu wa kitengo amebeba viatu mkononi.

Nilisimama nao barabarani, nikauliza kwa hasira ni nani mzembe huyo. Mlinzi akaninyooshea kidole.

Saa za kazi gari sasa linalala nje ya jengo, mbele ya duka la vitanda.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Nimelifikiria suala kisayansi. Fundi anasema petroli ni nyingi mno. Sawa. Basi tangi lisiwe na petroli nyingi! Likiwa na kidogo, nozeli zitapata kidogo, zitajifunza kubana matumizi. Nikaacha kujaza.

Petroli ilikwisha kwenye mzunguko wa barabara, mbele ya askari wa usalama barabarani. Alinisaidia kusukuma. Kijana mwungwana, ila alikuwa akipiga chafya muda wote na kuuliza kwa nini gari lisilo na petroli linanuka petroli kiasi kile. Nikasema ni manukato ya viti.

Taa ya injini pia imewaka kwenye dashibodi. Ya manjano, inakera macho. Nimeibandika stika ya tunda niliyoitoa kwenye chungwa. Haionekani tena. Tatizo moja limekwisha.

Nyumbani mke wangu alininusa begani akauliza kama nimebadilisha kazi nauza mafuta. Nikasema ni mambo ya ofisi. Akauliza kama gari liko salama kwa ajili ya mama yake. Nikasema halijawahi kuwa salama kama sasa. Ana namna yake ya kukunja taulo anapokuwa hajaniamini. Alikunja mataulo yote ya nyumba.

Baadaye Indiketa akapiga simu. Kwa upole wake ule unaochosha, akasema kama nitahitaji msaada Alhamisi, yeye ameomba ruhusa kazini, yupo tu. Nikamwambia apumzike, asijisumbue, afute vumbi indiketa zake. Akasema asante, shemeji, atazifuta. Mtu hata kumtukana haiwezekani!

Jumatano, tarehe 7 Mei

Habari njema! Nimepima oili kwa kile kijiti chake, na oili imeongezeka. Wiki iliyopita ilikuwa katikati ya alama, leo imepita ya juu. Magari ya wengine yanakula oili, langu linazalisha! Nilimwita fundi cherehani aje ashuhudie, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alinusa kijiti akasema hiyo ni petroli. Nikamwambia abaki na vitambaa vyake.

Hata hivyo nilimpigia Subiri, kwa tahadhari. Nikamwambia nina rafiki ambaye amefunga nozeli kubwa na anaendesha kabla ya kompyuta kupangwa, na oili yake imepanda. Aliniacha nimalize. Kisha akasema nimwambie huyo rafiki alizime gari sasa hivi. Petroli isiyoungua inaloanisha plagi mpaka zinashindwa kutoa cheche. Nyingine inaosha oili kwenye kuta za injini na kutiririka chini, inachanganyika na oili yote, oili inakuwa nyepesi, na vyuma vinaanza kusagana. Siku moja gari litazimika mahali pabaya.

Nikasema rafiki yangu ni mbishi. Akasema anamfahamu.

Nilikaa kwenye ngazi na kulitazama gari. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma, kwamba nilichukua simu nimpigie Indiketa. Nilifika hadi kwenye jina lake. Halafu nikaiona sura yake jinsi itakavyokuwa: haitacheka, itakuwa na huruma. Nikaiweka simu.

Badala yake nimetoa kichungi cha hewa. Kama petroli ni nyingi, hewa nayo iingie kwa wingi, vilingane. Gari sasa linavuta pumzi kwa sauti kubwa, kama mtu anayekoroma macho wazi. Nasema limepona.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Naandika nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali. Mikono yangu imekuwa myeusi, karatasi imechafuka. Sijali.

Tuliondoka mapema. Mama mkwe mbele, mke wangu nyuma, madirisha yote wazi. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo yake nzuri na kushika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Alizungumza sana, ndipo nikajua anaogopa. Akasema akipona, kitu cha kwanza atachambua maharage mwenyewe, kwa sababu binti yake anaacha vijiwe na yeye amevumilia vya kutosha. Mke wangu akacheka nyuma. Mama mkwe akauliza harufu hii ni ya nini. Nikasema tumepita karibu na kituo cha mafuta. Baada ya muda akasema kituo hicho ni kirefu.

Tukafika chini ya mlima. Nikapanga gia. Nikamwambia mama mkwe ashike vizuri, sasa atajua kifua ni nini. Nikakanyaga.

Lilipanda! Niliandike hilo kwanza. Hadi kwenye duka la miwani lilipanda. Hapo likapiga pa! kwa nyuma, mtu mmoja akalala chini kando ya barabara. Likatikisika kama linakataa dawa. Pa! tena. Likazimika. Katikati ya mlima, magari ya watu nyuma yangu, honi.

Niliwasha taa za dharura. Nilizungusha ufunguo. Liliunguruma tu bila kushika. Nikazungusha tena. Harufu ya petroli ikawa kali mpaka mke wangu akafungua mlango. Nilitoka, nikafungua boneti, nikaitazama injini kwa ukali. Haikusaidia.

Mama mkwe alikuwa ameketi wima vilevile, mkoba mapajani, anatazama mbele asikoona. Akauliza, "Tumefika, baba?"

Nikasema bado kidogo, mama.

Sijui nieleze vipi. Kule kutojua kwake, na namna alivyoniamini hata akaniuliza kwa utulivu vile. Nilimwona amerudishwa mwisho wa foleni, miezi mingine ya kupapasa kuta za chumba chake mwenyewe, na yote kwa sababu nilipitwa na kigari. Nikaanza kusukuma. Peke yangu, mlima, gari zima. Halikusogea hata unywele. Nikafikiria kumbeba mgongoni. Kweli kabisa, nilianza kuvua koti.

Mke wangu alishuka garini. Aligeuka nyuma akainua mkono. Na kutoka chini ya mlima, polepole, indiketa inawaka, kikaja kigari.

Alikuwa ametufuata tangu nyumbani. Mke wangu ndiye aliyemwomba, tangu Jumanne. Mataulo yale!

Indiketa aliegesha kando yetu. Alimshika mama yake mkono, akamketisha, akamfunga mkanda. Mke wangu akaingia nyuma. Kabla hajaondoka alichukua jiwe akaliweka nyuma ya gurudumu la gari langu ili lisirudi chini. Mimi sikuwa nimelikumbuka hilo.

Nilibaki pale na lile jiwe. Watu walipita wakanipa ushauri. Mmoja alisema ni betri, mwingine akasema ni jicho la watu. Kisha mke wangu akapiga. Wamefika, jina liliitwa wakiwa ndio kwanza wanakaa, ameingia. Nikaketi ukingoni mwa barabara. Machozi yalinitoka kidogo. Ni petroli.

Gari la kuvutia magari mabovu likaja kulichukua langu hadi kwa Subiri. Mimi nikaupanda mlima kwa miguu. Kumbe si mrefu.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Wamemfungua bandeji asubuhi. Tulikuwa wote chumbani. Daktari akamwambia afumbue jicho taratibu.

Alitazama dari kwanza. Kisha dirisha. Kisha binti yake, muda mrefu, akamgusa shavu akasema amekonda. Akamtazama Indiketa akamwambia ana kipara. Indiketa akasema kweli, mama, kina miaka mitatu. Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeoga mara mbili, lakini masizi yamekataa kutoka kwenye kola na kucha.

"Mwanangu," akasema, "umezeeka lini hivi?"

Wote walicheka, hata daktari. Nikaomba radhi. Nilisema nimekosa, mama, nilikuhatarisha kwa ujinga wangu. Nilisema vizuri, hata mimi mwenyewe niliguswa. Mama mkwe akanishika kidole kimoja, kile chenye masizi zaidi. Akasema alijua tangu tunatoka nyumbani kwamba gari ni bovu. Macho ndiyo yaliyokuwa mabaya, pua haina mtoto wa jicho. Alinyamaza kwa sababu aliona aibu kunishusha mbele ya mke wangu. Kisha akasema kwa jicho la kushoto atapelekwa na mwanawe.

Hakuna aliyepinga. Hata mimi, kwa wakati huo.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Gereji. Subiri alizipanga plagi mezani. Nyeusi kama makaa, zinatiririka petroli. Oili aliyoimwaga ilikuwa nyepesi kama chai ya mwisho wa birika. Akasema nina bahati, injini haijakwaruzika sana. Yule mtaalamu wa kompyuta amerudi, naye alikuwepo. Akasema angezipanga nozeli zile kwa muda mfupi tu, kama ningesubiri. Wote wawili wakalitamka neno hilo kwa pamoja.

Mke wangu naye alikuja, akasimama mlangoni hadi nozeli za zamani ziliporudishwa, moja moja. Zile kubwa akazichukua yeye, amezifunga kwenye gazeti. Hajaniambia kazipeleka wapi. Baadaye aliniambia jambo moja tu, akiwa anakoroga chai. Siku ile mlimani, akasema, aliponiona navua koti nimbebe mama yake, hasira zilimwisha. Zikarudi jioni, lakini pale zilimwisha.

Kwa fundi cherehani nimepeleka sabuni na samahani. Amepokea sabuni.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa wino: nimejifunza.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Wiki nzima ya amani. Gari linawaka vizuri, halitoi moshi, ofisini nimeruhusiwa kurudi maegesho ya chini. Mama mkwe amechambua maharage ya nyumba tatu. Leo tulikwenda kwake na kila mtu alifurahi.

Tukiwa tunarudi, mlima wa hospitali, nikapitwa. Safari hii si Indiketa. Ni gari la mikate. Limebeba mikate! Mke wangu alikuwa anatazama dirishani, naamini hakuona.

Nimetafakari kwa utulivu, bila jazba, kama mtu mzima aliyepata somo. Tatizo lilikuwa nini? Petroli ilizidi hewa. Wenyewe wamesema. Basi kosa halikuwa petroli, kosa lilikuwa uchache wa hewa! Kinachotakiwa ni tabo, lile pangaboi la chuma linaloshindilia hewa ndani ya injini. Ajabu kwamba hakuna aliyenieleza mapema. Ningeokoa muda wa watu wengi.

Nimempigia Subiri. Sikumaliza sentensi, akakata.

Lakini mjini hakukosi mafundi. Alasiri, mke wangu akiwa amelala, nimempata mwingine nyuma ya soko la mbao. Mtu safi. Tabo anayo, anaifunga kesho. Nilijiandaa kwa hotuba ile ya kompyuta na mtaalamu na oili. Wapi! Hakuuliza ni gari gani, hakuuliza injini ina hali gani, hakunikataza kitu hata kimoja.

Hatimaye nimepata fundi anayejua kazi.